Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Utambuzi wa Wanyama wa Majini Wasio na Uti wa Mgongo, Mombasa

Ukurasa huu ni wa kila anayetuletea ndoo ya tope, konokono ndani ya mkebe, au picha ya simu yenye swali "huyu ni nani?" Kuna majibu mafupi na kuna marefu. Pale tulipoandika kwa urefu ni kwa sababu ndipo kazi nyingi huharibikia.

Kazi yenu hasa ni ipi?

Tunatambua na kuhesabu wanyama wasio na uti wa mgongo wanaoishi majini: minyoo, kaa, kamba, konokono, chaza, jongoo bahari, viti vya pweza, sifongo, mabuu ya wadudu wa mtoni, na wale wadogo wanaoelea kwenye maji. Tunakwenda wenyewe horini, mikokoni, kwenye miamba, mitoni na visimani kuchukua sampuli, au tunapokea ulizochukua wewe. Hatufanyi kazi ya samaki wala ya bakteria.

Wateja wenu ni akina nani?

Washauri wa mazingira wanaoandaa tathmini za miradi, wanafunzi wa uzamili, mashamba ya kamba na kaa, hoteli za ufukweni, vikundi vya BMU (vya wavuvi na wasimamizi wa fukwe), maafisa wa afya, na wenye nyumba walioona kitu kinachotembea ndani ya tangi la maji.

Kwa nini tuhangaike na minyoo na konokono? Si tupime maji tu?

Pima maji pia. Lakini chupa ya maji inakueleza hali ilivyokuwa saa ile ulipoichota, basi. Hori ya Tudor hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Maji taka yaliyoingia usiku upande wa Mikindani, asubuhi yamekwisha kuchukuliwa. Mnyoo aliyejichimbia kwenye tope la pale hakwenda popote. Kila kilichopita juu yake kwa wiki na miezi amekipokea, na ama amekistahimili, ama amekufa, ama amezaana kupita kiasi kwa sababu waliokuwa wakigombania naye chakula wameisha.

Huyo aliyezaana kupita kiasi ndiye anayetueleza mengi. Kuna mnyoo mwembamba mwekundu wa jenasi (kundi la spishi za jamaa moja) Capitella, ukimtazama haraka utadhani ni nyungunyungu mchanga. Penye mrundiko wa kinyesi au mabaki ya chakula, oksijeni huisha ndani ya tope, wengi hufa au huhama, na Capitella hujaa kwa maelfu katika mita mraba moja. Pearson na Rosenberg waliueleza mfuatano huu mwaka 1978, na mpaka leo ndio msingi wa kulisoma tope. Tope lenye aina nyingi, kila aina wachache wachache, ni tope zima. Tope lililojaa aina moja kwa maelfu lina jambo.

Hapa kwetu kuna la kuangalia zaidi. Tope la mikoko huwa jeusi na hunuka kama mayai viza hata mahali ambapo hapajawahi kuingia maji taka, kwa sababu majani na mizizi huozea mle mle bila hewa. Mtu aliyesomea fukwe za mchanga za nchi za baridi anaweza kuiandikia mikoko yote ya Mombasa kwamba imechafuka. Ndiyo maana hatutoi hukumu juu ya tope la hori za Tudor au Port Reitz bila kulilinganisha na tope la mikoko ya aina ile ile mahali pasipopokea maji ya mji, kwa mfano Gazi kule Kwale, lililochukuliwa msimu mmoja na kwa kimo kile kile cha maji.

Mradi wetu unaanza mwezi ujao. Mnaweza kuja ukishakamilika?

Tunaweza, lakini mtakuwa mmelipia nusu ya jibu. Anayetaka kujua mradi umebadilisha nini lazima awe na sampuli za kabla, na sampuli za kabla hazichukuliwi baadaye. Chukua mfano wa Makupa. Tuta la barabara lilikaa miaka mingi likizuia maji kupita kati ya hori ya Tudor na upande wa Port Reitz, hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 2022 na maji yakapata njia tena. Anayetaka leo kujua wanyama wa tope la pale wamepokeaje mabadiliko hayo anategemea kabisa matope yaliyochotwa na kuhifadhiwa kabla ya 2022. Hakuna mashine ya kuyarudisha.

Ukiweza, chukua misimu miwili kabla ya kuanza: kaskazi na kusi. Pepo zinapobadilika, mawimbi, mvua na chumvi ya maji hubadilika pia, na wanyama hufuata. Aliyepima kabla wakati wa kaskazi na baada wakati wa kusi atakuta tofauti kubwa iliyoletwa na msimu, kisha ataiandika kwamba imeletwa na mradi.

Mbona baadhi ya majina kwenye ripoti yanaishia kwenye familia au jenasi? Nililipa nipate spishi.

Swali hili huja na hasira, na tunaielewa. Jina tunaliandika mpaka pale mnyama mwenyewe aliporuhusu, hatuliongezi hatua hata moja ili orodha ipendeze. Familia ya hakika ina faida kuliko spishi ya kubahatisha, maana jina la kubahatisha likishaingia kwenye ripoti huchukuliwa na ripoti inayofuata, na ile inayofuata tena, hadi mnyama ambaye hajawahi kuonekana Mombasa anakuwa na makazi Mombasa kwenye maandishi.

Yako mambo yanayotuzuia, na mengine wewe unaweza kuyaondoa. Kaa wengi, hasa wadogo wa mikokoni, hutambuliwa kwa umbo la kiungo kidogo cha uzazi cha dume kilichokunjwa chini ya mkia. Ukileta majike na watoto peke yao, mara nyingi tutaishia kwenye jenasi. Mnyoo aliyekatika katikati wakati wa kuchekecha, mbele amebaki ndani ya chekeche na nyuma imekwenda na maji, hana tena alama tunazozitafuta. Konokono aliyekufa zamani, gamba limesuguliwa na mchanga hadi limekuwa jeupe, anaweza kukosa hata jenasi.

Wengine sura ya nje haisemi chochote. Jongoo bahari ni mfano mzuri: rangi yake hubadilika akihifadhiwa, urefu wake hubadilika akishikwa. Tunakata kipande cha ngozi kidogo kuliko punje ya mchele, tunakiweka juu ya kioo, tunadondoshea tone la dawa ya kung'arisha nguo, na kusubiri. Nyama inayeyuka. Kinachobaki ni vijiwe vya chokaa visivyoonekana kwa macho, na chini ya hadubini kila aina ina vyake. Yule aitwaye jongoo mchanga, Holothuria scabra, ana vya umbo la meza ndogo na vingine kama vifungo vya shati vyenye vinundu. Sifongo nao hutambuliwa kwa njia ya jamaa na hiyo. Kazi ya namna hii huwezi kuifanya kwa picha ya simu, hata simu iwe ya bei gani.

Lakini majina yenu hayafanani na ya ripoti ya zamani tuliyonayo. Nani amekosea?

Huenda hakuna aliyekosea. Majina hubadilika pale watafiti wanapolinganisha wanyama wa sehemu mbalimbali na kukuta kwamba waliodhaniwa kuwa mmoja ni wawili. Kaa mdogo mwenye gando moja kubwa, anayejaa kwenye tope la horini maji yakipwa, kwenye ripoti za zamani za pwani yetu ameandikwa Uca annulipes. Mwaka 2016 wa Afrika Mashariki alitenganishwa na yule wa mashariki ya mbali, na sasa anaitwa Austruca occidentalis. Kaa mkubwa mwenye mashimo ndani ya mikoko, aliyekuwa akiitwa Neosarmatium meinerti, wetu amekuwa Neosarmatium africanum tangu 2012.

Ripoti yetu huonyesha jina la sasa na la zamani pamoja ili uweze kulinganisha. Majina ya baharini tunayathibitisha kwenye rejista ya kimataifa ya spishi za baharini, WoRMS, na tunaandika tarehe tuliyoyathibitisha.

Nichukue sampuli mwenyewe au mje nyinyi?

Kama ni konokono wa bwawa, mabuu ya mbu, kaa wachache au mdudu wa kwenye tangi, chukua mwenyewe. Kama matokeo yatakwenda NEMA (mamlaka ya mazingira), mahakamani au kwenye tasnifu, afadhali tuje, au tuwafundishe watu wako siku moja kabla. Kosa la kwenye maji halirekebishiki kwenye maabara.

Mnachukuaje sampuli baharini na mikokoni?

Kwanza tunasoma jedwali la maji kujaa na kupwa la Kilindini, bandari ya Mombasa. Kazi ya ufukweni na ya mikokoni tunaipanga siku za bamvua, ili maji yakipwa tufike sehemu za chini kabisa. Maji mafu hayashuki vya kutosha. Tunaingia maji yakiwa bado yanatoka, tukifuata mstari wa maji kuelekea chini, na tunageuka mapema. Ndani ya mikoko maji hujaa kutoka pande usizozitazamia, kwa hiyo hatuingii bila mwenyeji anayeijua mifereji ya pale.

Kwenye tope tunasukuma bomba la kipenyo na kina kilichopangwa, tunalitoa likiwa limejaa, tunachekecha. Kwenye maji ya kina tunatumia kijiko cha Van Veen, midomo miwili ya chuma inayoshushwa kwa kamba kutoka kwenye boti na kufumba ikigusa chini, ikachota mita mraba 0.1. Kikija juu kimebanwa na jiwe au gamba la chaza, mdomo haukufunga na tope limevuja. Tunakimwaga na kurudia. Nahodha huchoka, na sisi huchoka, lakini nusu ya kijiko si sampuli.

Chekeche letu la kawaida lina matundu ya milimita 0.5. La milimita 1 ni la haraka na linakubalika kwa kazi fulani, ila minyoo mingi ya kwetu ni membamba na hupita. Ukishachagua ukubwa mmoja usibadilishe katikati ya mradi. Kwa wanyama wadogo zaidi, kama minyoo duara na kopepodi (vijinyama vya jamii ya kamba) wa kwenye mchanga, tunashuka hadi maikromita 63.

Kila kituo tunachota angalau mara tatu. Sampuli moja peke yake haikuonyeshi kama tofauti uliyoipata ni ya mahali au ni ya bahati ya mkono.

Nihifadhi kwa fomalini au ethanoli?

Tuulize kabla hujaenda, usituulize ukirudi. Kinachofaa hutegemea unataka nini.

Kwa tope na mchanga wa kuhesabiwa, tumia fomalini. Ile ya dukani huwa na fomaldihaidi ya asilimia 37 hadi 40. Changanya sehemu moja na sehemu tisa za maji ya bahari, utapata mchanganyiko wa takriban asilimia 4. Weka boraksi kidogo. Bila boraksi fomalini hugeuka tindikali na kula magamba ya konokono na chaza wadogo, na sisi tunapokea ngozi tupu isiyo na jina. Fomalini husababisha saratani na huunguza macho: vaa glavu na miwani, fanyia kazi upepo unapopita, na usiisafirishe ndani ya gari lililofungwa vioo. Baada ya siku chache tunaosha sampuli na kuihamishia ethanoli ya asilimia 70.

Kwa DNA, usiguse fomalini kabisa, inaharibu DNA. Tumia ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, nyingi kuliko mnyama, na uibadilishe baada ya siku moja kwa sababu maji ya mwilini mwake huipunguza nguvu. Hapa ndipo wengi hupoteza mali yao. Chupa inajazwa kaa hadi shingoni, ethanoli inamiminwa kuziba nafasi zilizobaki, na wiki mbili baadaye tunafungua uozo. Wanyama wasizidi theluthi moja ya chupa. Spiriti ya dukani inaweza kukuokoa siku moja mbili ukiwa mbali, lakini tuambie kwamba uliitumia.

Minyoo na wengine laini wafaa kulegezwa kwanza, la sivyo hujikunja na kujikata vipande mara fomalini inapowagusa. Gramu zipatazo 75 za fuwele za magnesi kloridi kwa lita moja ya maji baridi yasiyo na chumvi, changanya nusu kwa nusu na maji ya bahari waliyomo, acha mpaka wasijibu ukiwagusa kwa kibano. Kisha hifadhi.

Kama huna chochote, barafu ndani ya kisanduku na uje siku hiyo hiyo. Usigandishe minyoo.

Lebo iandikwe nini?

Mahali, viwianishi vya GPS, tarehe, saa, kimo cha maji au kina, ukubwa wa matundu ya chekeche, dawa uliyotumia, na jina la aliyechukua. Andika kwa penseli kwenye karatasi ngumu na uiweke *ndani* ya chupa. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye ethanoli, na lebo ya nje hubanduka. Andika nyingine nje ukipenda, lakini ya ndani ndiyo tunayoiamini. Sampuli isiyo na mahali hatuipokei hata kama mnyama ni adimu, kwa kuwa hatutakuwa na la kusema juu yake.

DNA haitoshi siku hizi? Nimesikia kipimo kimoja kinatoa majina yote.

DNA ni msaada mkubwa na tunaitumia. Kwa wanyama, kipande kinachosomwa mara nyingi ni cha jeni ya COI, chenye herufi zipatazo 650. Kinasomwa, kinalinganishwa na hazina ya kimataifa, na kama kuna mwenzake mle unapata jina.

Tatizo liko kwenye hilo "kama". Hazina zimejazwa zaidi na wanyama wa Ulaya, Marekani na Asia ya Mashariki. Minyoo mingi na amfipoda (nao ni vijinyama vya jamii ya kamba) wa pwani yetu hawajawahi kuwekwa, na wengine waliowekwa walipewa jina kwa kukisia. Mashine haitakuambia kwamba haijui. Itakupa aliye karibu zaidi. Vilevile DNA iliyookotwa majini haikuelezi walikuwa wangapi, wala kama walikuwa hai pale au waliletwa na maji.

Tunachopendekeza ni vyote viwili: mnyama anatambuliwa kwa sura, kipande chake kinasomwa, na mwili wake unawekwa kwenye chupa yenye nambari. Hapo hata jina likibadilika baada ya miaka, yupo wa kumrudia.

Vipimo vya alama vya mito, vya Uingereza au Afrika Kusini, vinafaa mito yetu?

Vya Uingereza tusivitumie. Vimejengwa juu ya familia za kule na mito ya baridi. SASS ya Afrika Kusini iko karibu zaidi: kila familia ina alama ya 1 hadi 15 kulingana na inavyovumilia uchafu, unajumlisha, kisha unagawanya kwa idadi ya familia. Tanzania walitengeneza ya kwao kutokana na hiyo, TARISS, na kwa mito ya ukanda wetu ndiyo tunayoianzia.

Hata hivyo mito inayoingia Mombasa ina tabia zake. Kombeni na Tsalu zinazoingia Tudor, na Mwache inayoingia Port Reitz, hupungua sana kiangazi na hubeba udongo mwingi mvua zikija. Sehemu za chini chumvi hupanda na maji, na pale hakuna kipimo cha mto kinachofaa. Hatutoi alama ya SASS chini ya mahali chumvi inapofika, hata mteja akiiomba.

Kuna minyoo myekundu ndani ya tangi letu la maji. Ni hatari?

Simu za namna hii ni nyingi, hasa kutoka majumba yanayojaza matangi juu ya dari kwa mabuza (malori ya kubeba maji). Karibu kila mara ni mabuu ya familia ya Chironomidae, kijidudu kinachofanana na mbu lakini hakiumi. Mnyoo ana urefu wa milimita kadhaa hadi sentimita moja na zaidi, mwekundu kama damu, na akiogelea hujikunja na kujikunjua kwa mfano wa namba nane. Ukimtazama kwa lenzi utaona kichwa kidogo kigumu cha kahawia na viguu viwili vifupi nyuma yake tu; hivyo ndivyo unavyomtofautisha na mnyoo halisi. Wekundu ni wa himoglobini, inayomwezesha kuishi palipo na oksijeni kidogo.

Si mnyoo wa tumboni, hakai ndani ya mtu. Lakini anakueleza kwamba mfuniko haukufunga na chini ya tangi kuna mashapo. Mwaga, sugua, funga mfuniko na uweke wavu mwembamba kwenye bomba la hewa na la kufurikia. Klorini peke yake, bila kuondoa yale matope ya chini, haimwondoi.

Kwenye visima watu huona pia vidoa vyeupe vinavyoruka ruka. Hao ni kopepodi. Wanaoogopa mnyoo wa Guinea, ambao husafiri ndani ya kopepodi, wajue kwamba Shirika la Afya Duniani liliithibitisha Kenya kuwa haina ugonjwa huo mwaka 2018. Chuja maji hata hivyo; kisima chenye kopepodi huenda kina mahali kinapopokea maji ya juu.

Tuna bwawa, watoto wanaogelea. Mtajuaje kama lina konokono wa kichocho?

Pwani yetu, Kwale na Kilifi hasa, kichocho kilichopo ni cha mkojo, na konokono wake ni wa jenasi Bulinus. Mshike ncha ya gamba ikiwa juu na mdomo ukikutazama. Bulinus mdomo wake uko kushoto, na hana kifuniko cha kuziba mdomo. Melanoides, yule mrefu mwembamba anayejaa kila mfereji, mdomo uko kulia na ana kifuniko. Huyo si wa kichocho cha mkojo. Wanaochanganya ni Lanistes, mkubwa, wa kushoto pia lakini mwenye kifuniko, na konokono wa kigeni wa familia ya Physidae, wa kushoto, bila kifuniko, gamba linalong'aa. Kumtenganisha huyo wa mwisho na Bulinus tuachieni sisi.

Konokono kuwapo si sawa na bwawa kuwa na maambukizi. Tunawaweka mmoja mmoja kwenye kichupa cha maji safi chini ya mwanga, na karibu na adhuhuri tunatafuta mabuu yenye mkia wa panda wakitoka. Tukiwapata bado hatumalizi, kwa sababu kichocho cha ng'ombe hutoka kwa Bulinus pia na mabuu yake yana mkia ule ule. DNA ndiyo inayoamua.

Usiingie majini kuwaokota. Tumia kijiko cha wavu chenye mpini mrefu, glavu za mpira na buti.

Na viluwiluwi vya mbu?

Tunapokea. Mwangalie kabla hujamchota: wa Anopheles hulala sambamba na uso wa maji, wa Aedes na Culex huning'inia kichwa chini, wakipumua kwa mrija wa mkiani. Aedes aegypti, anayeeneza dengi na chikungunya, yumo kwenye mitungi, matairi na vyungu vya maua mjini kote. Anopheles merus huzaliana hata kwenye maji ya chumvi kidogo kando ya hori, na kwa sura hawezi kutofautishwa kwa uhakika na ndugu zake wa kundi la gambiae, lazima DNA.

Mnapima maji ya balasti, yale meli inayobeba ili itulie majini?

Sehemu ya wanyama, ndiyo. Mkataba wa maji hayo wa IMO (shirika la kimataifa la usafiri wa baharini) wa mwaka 2004 ulianza kutumika tarehe 8 Septemba 2017. Kiwango chake cha D-2 kinataka meli imwage viumbe hai wasiofika 10 kwa kila mita ya ujazo, kwa wale wenye ukubwa wa maikromita 50 na zaidi. Neno zito hapo ni "hai": lazima wahesabiwe ndani ya saa chache, kabla ya dawa yoyote. Kwa hiyo tunahitaji kujua ratiba ya meli mapema. Bakteria zilizomo kwenye kiwango hicho hupimwa na maabara nyingine.

Vibali nani anatafuta?

Wewe kama mwenye mradi, nasi tunakusaidia kujaza. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa 1986, hakuna kuokota hata gamba bila kibali cha KWS (shirika la wanyamapori). Msitu wa mikoko uko chini ya KFS (shirika la misitu). Utafiti unahitaji leseni ya NACOSTI (tume ya sayansi na teknolojia), na kutumia rasilimali za kijenetiki kunahitaji kibali cha NEMA. Muhimu kama hivyo vyote, nenda kwanza kwa BMU ya pale ujitambulishe. Wavuvi wanaomwona mgeni akichimba ufukwe wao bila salamu wana haki ya kumuuliza.

Naweza kutuma vielelezo ng'ambo?

Kwa vibali, ndiyo. Matumbawe magumu na makombe makubwa ya Tridacna yamo kwenye orodha ya CITES (mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini), na mifupa mikavu huhesabiwa pia. Tangu 2020 wamo pia jongoo bahari wa kundi la Microthele, wenye chuchu ubavuni.

Inachukua muda gani, na bei je?

Konokono au mdudu mmoja, siku moja hadi tatu. Tope la mikokoni lililojaa vijizizi, sampuli moja inaweza kummaliza mtu siku mbili akitenga mnyama mmoja mmoja kwa kibano, kabla hata hajaanza kutaja majina. Bei hufuata saa hizo: ukubwa wa matundu, wingi wa mizizi, na kiwango cha jina unachotaka. Kwa kazi nyingi za ufuatiliaji familia inatosha, na tutakuambia hivyo hata kama inatupunguzia malipo.

Tutajuaje kwamba mmehesabu sawa?

Sampuli moja katika kila kumi hutengwa upya na mtu mwingine asiyejua hesabu ya kwanza. Akikuta zaidi ya asilimia 5 ya wanyama walikuwa wameachwa, fungu zima linarudiwa kwa gharama yetu. Kila jina kwenye ripoti lina angalau kielelezo kimoja chenye nambari. Una ruhusa ya kumleta mtaalamu wako avitazame vyote, na tukitofautiana naye maoni yake yataandikwa kando ya yetu.

Vielelezo mnavitunza muda gani?

Mabaki ya mashapo, miezi sita baada ya ripoti. Wanyama waliohesabiwa, mwaka mmoja, kisha tunakuuliza. Vielelezo vyenye nambari havitupwi. Ukitaka wako warudishwe, njoo na ndoo yenye mfuniko unaobana na gari lako, kwani mabasi ya abiria hayapokei ethanoli.